Risasi Iliyokuwa Ndani ya Rangi

Iko siku moja inayonirudia hata nikiifukuza, mwanangu. Ni siku niliyoomba maziwa. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka nyumbani kwa mama, mtaa wa Jabe, tumbo limenishika, nikasema neno hilo moja tu, maziwa, na kwa neno hilo mwanamke asiye na kosa akachomewa nyumba. Nitakueleza ilivyokuwa. Usiniharakishe. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na mkono huu nimeufundisha kuandika ukubwani. Ule wa kulia unaning'inia. Nikiunyoosha mbele, kiganja kinaanguka chini kama kitambaa kilicholowa. Shule niliishia mwaka wa nne, kwa hiyo ukiona makosa ya kuandika, nisamehe. Majina nitakayotaja, hayo usiyasamehe.

Nimekuona ukipita mtaani na suruali imejaa madoa ya rangi, unacheka na wenzako, brashi mfukoni. Umepata kazi, na kazi ni heshima. Na mi nilicheka hivyo hivyo.

Ilikuwa wakati wa vita, ile miaka nchi jirani walipotufungia mipaka, tukaita ambargo. Bandari yetu ya ziwani ilinyamaza. Meli za mizigo zilizozoea kwenda Kigoma na Kongo zilifungwa kamba pale pale, zikaanza kuliwa na kutu. Wenye meli wakaona heri zikwanguliwe na kupakwa rangi wakati hazina kazi. Ndipo Leonidasi, mwenye atelye, karakana ya rangi hapo bandarini, akaanza kuajiri vijana. Hilo ni jina la kwanza, liweke. Mtu mrefu, kofia ya majani, sauti ya upole sana. Hakuwahi kumtukana mfanyakazi. Kutukana alimwachia kapita wake, msimamizi wa kazi, Gaspari. Hilo ni la pili.

Rangi mpya haikupatikana kwa sababu ya mipaka. Leonidasi akafungua hangari, ghala la nyuma, akatoa madumu ya zamani ya ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, nzito, ukiinua dumu dogo unafikiri limejaa mawe. Kazi yetu ilikuwa mbili. Kwanza tunakwangua rangi kuukuu kwa brashi ya chuma na msasa, ndani ya tumbo la meli, mahali hakuna upepo. Vumbi jekundu linapanda, linaingia puani, kwenye nywele, kwenye mkate uliouweka mfukoni. Halafu tunapaka ile nyekundu nyingine juu. Hakuna aliyetupa kitu cha kufunika pua. Nguo za kazi zilikuwa zile zile tulizotoka nazo nyumbani, na jioni tulirudi nazo, tukawabeba watoto wa dada zetu tukiwa tumejaa vumbi lile.

Tulichopewa ni maziwa. Sikiliza vizuri, maana hapo ndipo tulipofungwa macho. Patroni Leonidasi alisema maziwa inaosha rangi kifuani. Basi kila mchana kikombe kimoja kwa kila mtu, kwa gharama yake. Gaspari aligonga dumu na kuita, "Ndama zangu, mukuje kunyonya." Tukaja tunakimbia, tunasukumana, wengine wanalia kama ndama kweli ili kuchekesha. Mwanangu, katika vita ile kuna baba wa watoto wengi hawakuwa na kikombe cha maziwa cha kumpa mdogo wao. Sisi tulipewa. Ungetuambia patroni huyo ni mbaya, tungekupiga.

Aliyeyaleta alikuwa Mama Perpetuwa, mwanamke wa mtaani kwetu, mjane, mwenye maneno mengi na kiuno kizito. Aliuza maziwa Jabe, karibu na soko, na saa ya mchana alikuja mpaka mlango wa bandari, bido mbili, galoni za maziwa, kwenye baiskeli anayoisukuma kwa mkono. Hakuwa wa upande wetu. Sitaandika upande gani, we unajua, na kama hujui, Mungu akulinde usijue. Tulikuwa tukinywa maziwa yake tangu utoto.

Huyo mama alikuja na beseni, na kipande cha sabuni kwenye kopo. Alikuwa hampi mtu maziwa kabla hajanawa. Alitutazama vidole na kusema, "Hakuna mutu anashika kikombe yangu na mikono ya damu." Sisi tulicheka, maana mikono ilikuwa myekundu kweli, na mjini watu walikuwa na mikono ya damu ya namna nyingine. Akiona nimeosha vidole tu kwa haraka, alinirudisha. "We Fideli, kucha je? Kwani kucha ni ya jirani?" Ndiyo mi, jina langu Fideli. Nikanawa nikinung'unika.

Sabuni ya Mama Perpetuwa, mwanangu, ndiyo sheria ya pekee ya usalama niliyoiona kazini katika maisha yangu yote.

Sasa ugonjwa ulivyoanza. Kwanza mdomo ukawa na ladha ya utamu mbaya, kama umelamba msumari. Kichwa kinauma asubuhi. Halafu tumbo, si la kuhara, la kufunga. Linasokotwa kama nguo inayokamuliwa, unapiga magoti pale ulipo. Hamisi, rafiki yangu tuliyekwangua naye ukuta mmoja wa meli, yeye alianza na hasira. Mtu mpole, akaanza kugombana na ndoo. Wengine wawili wakakonda. Gaspari alisema tuongeze maziwa. Tukaongeza. Siku moja nikashika brashi, brashi ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka. Wenzangu wakafikiri nafanya mchezo, wakacheka. Na mi nikacheka. Nilikuwa natazama mkono wangu, naucheka.

Hamisi ndiye aliyemwambia patroni huenda ni rangi. Alinisimulia mwenyewe. Leonidasi hakukasirika. Alivua kofia, akamjibu kwa ile sauti yake ya upole, "Rangi haijui mutu, Hamisi. Rangi haina chuki. Jiulize ni nani anawaletea kitu munaweka mu tumbo, na huyo mutu ni wa wapi."

Ni hayo tu aliyosema. Hakuhitaji kuongeza. Kwetu, we unajua, sumu ni neno lenye mwenyewe. Mtu akifa na tumbo, hatuulizi alikufa na nini. Tunauliza nani alimpa. Na wakati wa vita swali hilo lilikuwa na jibu tayari kabla hujalimaliza. Leonidasi alijua hilo. Alikuwa na madumu mengi bado hangarini, na meli nyingi zinangoja, na vijana wameanza kulitazama dumu kwa jicho baya. Akawapa mtu wa kumtazama.

Ndipo ikafika ile siku yangu. Nilikuwa sijaenda kazini, sikuweza kusimama. Mama alikuwa ananikanda tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto. Gaspari akaingia bila kubisha, na nyuma yake vijana wa kona, wale waliokuwa wanalinda mtaa, wanavyosema wenyewe. Nyumba ikawa giza kwa miili yao. Gaspari akachutama karibu na kichwa changu, akaniuliza kama mtu anayenihurumia, "Fideli, sema, ni nini? Ulikunywa nini?"

Mi sikusikia swali vizuri. Nilisikia sauti ya kapita tu, na sauti hiyo kwangu ilikuwa sauti ya saa ya mchana. Tumbo lilikuwa linanikata, na niliamini, kama nilivyofundishwa, kuwa kuna kitu kimoja kinachoosha. Nikasema, "Maziwa."

Nilikuwa naomba. Mwanangu, nilikuwa naomba.

Gaspari akainuka, akawageukia wale vijana. "Mumesikia na masikio yenu."

Mama akasema, "Apana, mutoto anaomba maziwa. Anataka kunywa." Akalirudia mlangoni, akalirudia barabarani akiwafuata bila viatu. Hakuna aliyegeuka. Gaspari alikuwa amepata alichotumwa kutafuta.

Sikuyaona yaliyofuata, nilisimuliwa na mama. Walimkuta Mama Perpetuwa anaosha bido zake. Walimuuliza aliweka nini, akawaambia wanywe wenyewe waone, akajaza kikombe na kukinywa mbele yao chote. Wakasema wenye sumu wana dawa yake. Wakamwaga maziwa barabarani. Mama alisema kelele ikanyamaza kidogo hapo, maana hata kati yao kulikuwa na waliofundishwa utotoni kwamba maziwa hayamwagwi chini, na yalikuwa yanaenda mferejini meupe, na mbwa wanakuja. Halafu wakachoma kibanda, na nyumba iliyo nyuma yake. Yeye alitokea uani kwa kuvutwa na jirani mmoja, na nguo aliyovaa tu. Jirani yule ni wa upande wetu, jina sijaambiwa. Laiti ningelijua, ningeliandika kubwa kuliko haya mengine.

Maziwa yakaisha. Ugonjwa haukuisha. Ungefikiri basi watu wataona. Kazi iliendelea bandarini bila kikombe, bila beseni, bila sabuni, na sasa vijana walikula mkate kwa mikono ile ile myekundu, na ugonjwa ukaongezeka mbio. Hamisi akaanza kutetemeka mwili mzima na kupotea akili. Akafa akiwa amefungwa kamba na ndugu zake ili asijiumize. Leonidasi alikuja kwenye maziko, akashika mkono wa mamake Hamisi, akasema yule mwanamke aliacha kitu nyuma yake. Kisha akarudi kazini.

Mama yangu aliuza vikwembe vyake, vitenge vya sikukuu, akanipeleka kwenye zahanati. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyesomea Kigoma, Bwana Rashidi, sisi tulimwita dokta. Hakuniuliza nilikula kwa nani. Alinivuta mdomo wa chini kwa kidole, akatazama fizi, akamwita mama atazame. Kulikuwa na mstari mweusi wa bluu chini ya meno, kama umechorwa kwa kalamu. Akasema niinue mkono. Kiganja kikaanguka. Akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akasema, "Hii ni risasi."

Mama akanirukia. Alinivua shati pale pale, akaanza kunipapasa mgongoni, mbavuni, anatafuta tundu. "Wapi? Walikupiga wapi? Mbona hukuniambia?"

"Mi sijapigwa, mama."

"Dokta anasema risasi."

Bwana Rashidi hakucheka. Alimkalisha, akamweleza kwamba risasi ni jina la ile chuma yenyewe, laini, nzito, wanayotengenezea risasi za bunduki, na chuma hiyo hiyo inasagwa na kutiwa ndani ya rangi nyekundu ili kutu isishike. Wafaransa wanaita plombe. Ukivuta vumbi lake, au ukilila na mkate, linaingia kwenye damu na kukaa. Mama akamuuliza ni nani basi aliyeniwekea. Akamjibu, "Hakuna mutu alimuwekea, mama. Alienda kuifanyia kazi." Na maziwa, mama akauliza, hayaoshi? Akasema hayaoshi kitu. Kinachoosha ni maji na sabuni, kabla haijaingia mdomoni.

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Na mi nikaona akilini lile beseni la Mama Perpetuwa.

Nilienda kwa Leonidasi. Nilimnyooshea mkono unaoning'inia, nikamwambia neno nililoambiwa. Akanitazama kwa huruma. "Fideli, watu wanakufa na risasi kila siku mu hii muji, na we unaniletea ingine?" Gaspari akacheka mpaka akashika ukuta. Gaspari hakuwa anakwangua, unajua. Alikuwa anasimama juu, penye upepo.

Nikaenda ofisi ya kazi, ile ya serikali. Huko nikampata Tarsisi, mkaguzi. Jina la tatu. Alinisikiliza, na nikapata moyo, maana alikuja kweli mpaka bandarini. Wenzangu waliniambia. Alifika mlangoni pa meli, akatoa leso mfukoni, akajifunika pua na mdomo, akachungulia. Halafu akaenda ofisini kwa Leonidasi, akanywa Fanta baridi, akaondoka. Niliporudi kwake aliniambia nchi iko vitani, mambo ya rangi sheria itayatazama vita ikiisha. Labda sheria ilikuwako kwenye kabati lake, labda haikuwako, mi si msomi, sijui. Lakini ile leso ninaijua. Mtu asiyejua hatoi leso. Leonidasi aliua kwa kusema na Gaspari kwa kucheka, ila Tarsisi ndiye nisiyeweza kulala nikimkumbuka, kwa sababu yeye alikuwa na mamlaka ya kufunga hangari ile, na aliyoifunga ni pua yake.

Baadaye nilisikia Mama Perpetuwa yuko Gasenyi, kwenye vibanda vya watu waliokimbia. Nilienda kwa miguu. Nilimkuta amekaa mbele ya hema la plastiki, anauza makaa. Alikuwa amekonda, kiuno kile kimeisha. Nilimweleza yote, risasi, rangi, fizi, na kwamba siku ile nilikuwa naomba tu. Alinisikiliza anapanga vipande vya makaa. Nilipomaliza alisema kwanza, "Kuomba kwako nilijua. Ulikuwa mulafi wa maziwa tangu mudogo." Akapanga vipande vingine. Halafu akaniambia hili, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

"Kabila yangu mulijua, wote, mpaka ya bibi yangu. Ile rangi mulikuwa munaishika asubuhi mpaka jioni. Ni nani kati yenu aliuliza jina yake?"

Nikainama kumuaga. Akanionyesha kwa kidevu beseni lililokuwa kando ya hema, na sabuni juu ya jiwe. "Nawa mbele ya kwenda," akasema. "Na usikuje tena hapa." Nikanawa. Mkono mmoja ni vigumu kunawa, unajua, sabuni inakukimbia. Hakunisaidia, na hakugeuza macho mpaka nilipofika kwenye kucha.

Sijarudi. Alikufa huko huko kabla vita haijaisha. Leonidasi ana nyumba ya ghorofa, na wajukuu wanacheza uani. Gaspari ni mtu wa kanisani mbele kabisa. Tarsisi amestaafu kwa heshima. Vita ilipokwisha, watu wa serikali walipita nyumba kwa nyumba wakisema atoe bunduki mwenye bunduki, atoe risasi mwenye risasi, na redio ikapiga ngoma. Nilingoja waende bandarini wakusanye zile za ndani ya madumu. Hakuna aliyekwenda. Risasi za aina hiyo hazina amani waliyotia sahihi.

Basi shika maneno ya mtu aliyebaki. Kabla hujafungua dumu, uliza ndani mna nini, na usipojibiwa usifungue. Nguo ya kazi ibaki kazini, usimbebe mtoto nayo. Kula baada ya kunawa, kucha nazo. Patroni akikupa maziwa, kunywa kama una njaa, halafu mwombe maji, sabuni, kitu cha kufunika pua, na damu yako ipimwe kwa gharama yake. Lakini usiishie kuomba patroni, maana wema wa patroni unaisha akitaka. Ombeni sheria, wote kwa pamoja, ya nchi nzima, inayosema rangi yenye risasi isiingie wala isipakwe, na yule anayekuja kukagua aingie ndani ya meli pamoja na leso yake, na asipoingia awe na wa kumuuliza. Vita imeisha tangu lini? Tarsisi alisema ikiisha. Kamdai ile ahadi, we una miguu na mikono.

Na siku mwenzako wa kazi atakapolala na tumbo, na mtu mwenye sauti ya upole akakuuliza jirani yenu ni wa wapi, muulize yeye dumu lake limetoka wapi.

Mungu akuinulie mikono yako yote miwili, mwanangu, isianguke mbele ya watoto wako. Akupe kazi isiyokufuata mpaka kwenye damu. Na kikombe cha maziwa akupe, ukinywe nyumbani kwako kwa sababu ni kitamu tu, na aliyekuuzia alale salama.